Domitila Alivyopima Moto

Ujiji, Jumamosi. Mvua imepiga tangu alfajiri, ikakatika saa mbili, na sasa jua limetoka kwa fujo. Uwanja wote unafuka mvuke na matope yamefika hadi kizingitini. Nimeamka na kisirani. Nimemkaripia muuza maziwa, nimemfukuza kuku wa jirani kwa ufagio, na chai nimeiunguza.

Kisirani hiki nakijua. Ni woga.

Uani kwangu kuna pipa. Ndani ya pipa kuna mapande ya nyama ya mbuzi, yamening'inia kwenye waya tangu saa tatu. Kesho asubuhi nyama hiyo inatakiwa iwe imeiva, imekauka, imefungwa, iko kwenye boti la kutoka Kibirizi kwenda Kagunga. Anayeipeleka ni Mama Riziki, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye kila wiki yuko njiani. Anayeipokea ni mwanamke anayeitwa Domitila, atakayevuka mpaka kutoka kwao Burundi kuja sokoni. Sijamwona Domitila tangu nina miaka kumi na sita. Sasa nina wajukuu wawili.

Mama Riziki ndiye aliyemgundua. Walikuwa wanapiga soga pale Kagunga, huyo mama Mrundi akasema aliwahi kuishi Ujiji miaka ya ukimbizi, kwa mama mmoja mpika maandazi aliyekuwa na binti mbishi. Mama Riziki akacheka, akamwambia binti mbishi bado yupo na ubishi wake anao. Akaniletea namba ya simu. Nimekaa na namba hiyo wiki tatu. Nimetuma ujumbe wa salamu, nimetuma picha za wajukuu, nimeahidi nyama ya moshi. Kupiga sijapiga. Alipoandika kwamba niende mwenyewe tukaonane, nikasingizia magoti na mawimbi.

Magoti yangu ni mazima.

Kuna jambo nataka kumwuliza, na jibu lake naliogopa. Nataka kujua kama nyama niliyombanikia mwaka ule ilimdhuru mtoto wake. Nimelala na swali hilo ujana wangu wote, nimeolewa nalo, nimezaa nalo, na hakuna mtu niliyewahi kumwambia. Leo naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenikatiza.

Lakini nianze na pipa. Mikono ikiwa na kazi, moyo nao unatulia.

Fundi wa kuchomelea amelitoboa matundu matatu chini, akaweka bomba fupi juu ya kifuniko, na kila tundu akalitilia kibati cha kusogeza. Binti yangu kaniletea kutoka Dar kipimajoto cha mshale, kimekaa ubavuni usawa wa nyama. Watu wanadhani moto unaongozwa kwa wingi wa makaa. Moto unaongozwa kwa hewa. Ukifungua matundu ya chini, makaa yanapumua na mshale unapanda. Ukibana, unashuka, ila haushuki papo hapo, unakuweka robo saa nzima ukiutazama. Asiye na subira atabana, ataona haushuki, atabana tena, mwisho moto umzimikie mikononi. Hilo limenipata leo saa nne, nikajitukana kimyakimya, nikaanza upya.

Makaa siyawashi yote. Nayapanga yakiwa baridi, halafu naweka juu yake machache yaliyokolea, yawashane taratibu kwenda chini. Kati ya makaa na nyama kuna sufuria la maji, maana maji yanazuia joto lisirukeruke. Kijiti kikavu cha mpera naongeza kimoja kimoja kwa ajili ya moshi. Mshale ukikaa kwenye nyuzi mia na kumi, na moshi wa bombani ukawa mwembamba kiasi cha kuona ukuta wa jirani kupitia humo, mambo yako sawa. Moshi mweupe mzito unaacha uchungu kwenye nyama. Na kifuniko hakifunguliwi ovyo. Kila ukichungulia, joto linatoka na kazi ya nusu saa inapotea.

Haya yote, ukiondoa mshale, nilifundishwa na Domitila.

Alikuja miaka ile ya tisini, watu wa Burundi walipokuwa wanaingia kwa mitumbwi na kwa miguu. Alisimama mlangoni kwetu kuomba maji ya kunywa, mtoto mgongoni. Mama yangu, Mungu amrehemu, akampa maji, akampa uji, akamwuliza mumewe yuko wapi. Domitila akatazama chini. Mama hakuuliza tena. Chumba cha uani kilikuwa na magunia ya mkaa. Tuliyatoa, tukafagia, wakaingia wao. Mtoto aliitwa Consolata, hajafikisha mwaka. Sisi tukamwita Konso.

Ninavyoikumbuka miaka ile naona aibu kidogo. Kwao ilikuwa miaka ya kupoteza kila kitu, na kwangu ilikuwa miaka mizuri kuliko yote. Nilikuwa mtoto wa pekee. Ghafla nina dada mkubwa, na dada mwenyewe anajua kupika maharage ya mawese yakakufanya ulambe sufuria, anajua kusuka nywele bila kuumiza, anajua kucheka. Alicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Kiswahili chake kilichanganyika na Kirundi, na Waha wa sokoni, ambao lugha yao inakaribiana na Kirundi, walimwelewa kuliko walivyonielewa mimi mzaliwa wa hapa. Jioni tulikaa mkekani tunachambua mchele, Konso akipita na kumwaga tulichochambua, na hakuna aliyemgombeza. Natamani jioni moja tu ya zile, hata ya kumwagiwa mchele.

Idd ya kuchinja ilifika, ya kwanza akiwa kwetu. Nyama ikawa nyingi na friji hatuna. Kila mwaka ilikuwa hivyo: siku mbili tunakula mpaka tunavimba, siku ya tatu tunagawa mbiombio kabla haijanuka. Domitila akauliza kama kuna pipa bovu. Lilikuwepo moja nyuma ya choo. Akalichoma moto ndani mpaka likaisha harufu ya mafuta, akalitoboa kwa msumari mkubwa, akakanda udongo wa kuzibia matundu, akaning'iniza nyama yetu ya Idd humo kama anayeanika nguo.

Kipimajoto chake kilikuwa kiganja. Aliweka kiganja juu ya tundu la kifuniko, akasema Salamu Maria moja kwa Kirundi, taratibu, kwa sauti ya kawaida. Mkono ukishindwa kabla ya Amina, moto ni mkali, anaziba tundu moja la chini kwa udongo. Akifika Amina na mkono bado haujali, moto umelala, anazibua. Alitaka mkono ukatae palepale kwenye Amina. Alisema kwao milimani baba yake alipima hivyo, na babu yake tangu siku aliyobatizwa.

Jirani yetu Bi Mwamvua, mama ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alikuja akasimama akitazama. Akasema, "Loo. Mwaka huu nyama ya Idd inabatizwa."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Domitila naye akacheka, akamkatia kipande cha kwanza kilichoiva. Bi Mwamvua alikila, akaomba cha pili, akasema kimebatizwa au hakikubatizwa, kimeiva. Walicheka wote.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimehitimu juzuu ya amma chuoni na najiona mwanachuoni mkubwa. Kauli ile iliniingia, nikawa naitafuna peke yangu.

Karibu miaka miwili tulibanika pamoja, nyama na samaki. Yeye alipima, mimi nilitia kuni na kuziba matundu. Nilijua kila kitu isipokuwa kile kimoja, maana kiganja chake kilikuwepo siku zote na changu hakikuhitajika.

Kisha likaja tangazo. Wakimbizi wote wanaokaa mitaani waende kambini, gari litapita siku ya tatu. Mama alikwenda ofisi ya mtaa kubishana, akarudi ameshindwa. Akaamuru beberu wake achinjwe, Domitila afungiwe nyama ya kutosha, maana hakuna aliyejua kambini atakuta nini. Domitila mwenyewe alikuwa na foleni ya kujiandikisha kutwa nzima. Akanishika bega, akasema, "Wewe ni mkubwa sasa, mwana wanje. Moto unaujua." Mwana wanje ni mwanangu kwa lugha yao. Akaniachia pipa.

Nikaweka kiganja juu ya moshi. Salamu Maria yake niliijua yote kwa moyo, lakini ilinigomea mdomoni. Kauli ya Bi Mwamvua ilinirudia masikioni. Nikajiambia dua ni dua, na huyu ni beberu wetu. Nikasoma Alhamdu. Na sikuisoma kama tunavyoikimbiza kwenye sala za nyumbani, la hasha. Niliisoma alivyotufundisha maalimu, herufi kwa herufi, kila mvuto kwa haki yake. Mkono uliungua sijafika nusu. Nikaziba tundu. Nikasoma tena, ukaungua tena, nikaziba la pili. Nikaendelea hivyo mpaka nikaweza kufika Amin mkono ukiwa palepale. Nikatabasamu. Moto ule ule niliushikilia hadi magharibi, kila baada ya muda nasoma, najisikia mtu mwema.

Nyama ilitoka nzuri ajabu kwa macho, imekoza rangi, inanukia mpera. Domitila alirudi jioni amechoka, akaigusa juujuu, akanisifu. Asubuhi gari likaja, wakaondoka.

Siku mbili baadaye Mama alikata kipande tulichobakiza. Ndani kilikuwa chekundu na kinateleza, na harufu yake ikatufukuza jikoni. Mama alisema ni unyevu wa mvua. Sikumwambia nilivyopima. Nilimfikiria Konso, anakaribia miaka mitatu, anapenda nyama kuliko kitu chochote. Wiki ileile wachuuzi walirudi na habari kwamba kambini watoto wanaharisha na wengine wamezikwa.

Sikuuliza majina.

Mama alituma salamu mara mbili, jibu halikurudi. Baadaye tukasikia wengi wamerudishwa kwao. Mimi nikakua na imani yangu ya siri kwamba niliadhibiwa. Wakati mwingine niliona adhabu ni ya kutumia aya za Mungu kama kijiko cha kupimia. Wakati mwingine niliona ni ya kiburi, ya kudharau dua ya mtu aliyelala chini ya dari letu. Nilibadilisha sababu kila mwaka, ila mtoto kwenye fikra zangu alikuwa yuleyule, na alikuwa anaumwa.

Sasa sikia nilichofanya leo. Saa sita, mshale ukiwa umetulia kwenye mia na kumi, nimechukua simu nikafungua saa ya kuhesabu sekunde. Nimeweka kiganja juu ya bomba, nikasema Salamu Maria ya Domitila kwa mwendo wake. Mkono umekataa kwenye Amina. Sekunde kumi na tano. Nimerudia mara tatu, ni hiyohiyo, tofauti ya sekunde moja hapa na pale. Halafu nimekwenda kukaa mbali na moto, nikasoma Alhamdu kama alivyotufundisha maalimu.

Sekunde thelathini na nne.

Mara mbili na zaidi. Ili kiganja kivumilie muda wote huo, moto lazima uwe wa kupashia maji ya kuoga. Nyama ya Domitila haikubanikwa siku ile, ilifukizwa tu, kama nguo za harusi zinavyofukizwa udi. Ilipata rangi na harufu, ndani ikabaki mbichi.

Hapakuwa na adhabu yoyote. Domitila angeweza kupima kwa wimbo wa shule, ingekuwa vilevile, mradi wimbo uwe uleule kila siku. Mimi nilibadilisha urefu wa kipimo na sikujua, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na kubadilisha dini ya nyama. Nimekaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha nikainuka kutazama mshale, maana makaa hayangoji mtu amalize kulia. Ulikuwa umefika mia na ishirini na tano. Nikabana tundu moja, kidogo tu, nikangoja robo saa.

Lakini kujua kosa lilivyotokea hakukunijibu kuhusu mtoto.

Saa tisa nikapiga simu.

Sauti yake imekuwa nzito, ila ni yeye. Nikasema shikamoo dada, akasema marahaba mwana wanje, na hapo maneno yote niliyoyapanga yakakimbia. Nikauliza moja kwa moja kama Konso yupo.

"Ego, yupo," akasema. "Yuko shambani. Ana watoto wanne. Mmoja tumempa jina la mama yako, padri akanuna."

Niliegemea ukuta. Nilimwomba arudie, akarudia, akaongeza kwamba Konso amenenepa na hasikii la mtu. Nikacheka kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu. Kisha nikamwambia yote, kuanzia kauli ya Bi Mwamvua: Alhamdu, matundu niliyoyaziba, kile kipande chekundu, habari za wachuuzi, miaka yote niliyomwogopa. Aliniacha nikamaliza.

Akauliza, "Nyama ipi?"

Hakumbuki. Nilimweleza beberu, nilimweleza kiroba tulichofungia, bado hakumbuki. "Labda tuliila," akasema. "Labda ilinuka tukatupa, labda waliiba garini. Siku zile yalikuwa mengi. Nyama siikumbuki hata kidogo."

Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Ninachokumbuka ni mlango wenu. Mama yako alikuwa barabarani, na yule jirani wa maneno mengi, na mtaa mzima. Gari lilikaa sana likingoja watu. Konso alikuita mpaka sauti ikamwisha. Mimi niliangalia mlango mpaka tukakata kona. Hukutoka. Nimejiuliza miaka yote hii, huyu mtoto nilimkosea nini."

Nilikuwa nyuma ya mlango huohuo. Nilimsikia Konso, nilisikia jina langu kila alipoliita. Nilikuwa nimenuna kwamba wanaondoka, kana kwamba wamechagua wenyewe, na nilijua nikitoka nitalia mbele ya Bi Mwamvua na mtaa mzima. Basi, sababu ni hiyo tu. Na sikuwahi kuihesabu kuwa kosa, hata siku moja. Nyama nimeibeba miaka yote hii, nikaipa uzito, nikaipa maana, na hili nikamwachia yeye alibebe. Kanibebea kimya na bado jina la mama yangu kampa mjukuu wake.

Nilimwambia hakuna alichokosa. Nilimwambia nilikuwa wapi na kwa nini. Nikasikia mbuzi wake wakilia huko nyuma, kisha akasema, "Ulikuwa hapo hapo?" Nikasema nilikuwa hapo hapo. Akasema haya, na sauti yake ilikuwa imelowa. Tukakata simu bila kuagana vizuri.

Saa kumi na moja nimefungua pipa. Nimekata kipande kinene kuliko vyote, katikati, kimeiva hadi mfupani na hakuna tone jekundu. Nimeacha nyama ipoe, nimeifunga kwenye karatasi, kisha kwenye kikapu. Halafu nimempigia Mama Riziki kumwomba aniwekee nafasi kwenye boti la asubuhi. Akaniambia nafasi ya mzigo alishaitenga tangu jana. Nikamwambia nataka ya mtu.

Kesho, tukikaribia ufuko wa Kagunga, nitasimama mbele kabisa ya boti, hata likiyumba, ili Domitila anione kabla mimi sijamwona.